Tusimsifu Ngamia Tukasahau Shehena

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Methali hii hutufaa sana sokoni, lakini inapofika kwenye kitabu haina budi kupinduliwa. Kitabu ni chema ambacho kikikaa rafuni kungoja mnunuzi kitaliwa na mchwa, kwa sababu anayekihitaji zaidi yu mbali, hana nauli ya kukifuata, na pengine hajapata kuambiwa kwamba kipo. Chema hiki sharti kijitembeze. Kutokana na hoja hiyo zilizaliwa maktaba tembezi, zile zinazobeba vitabu kwa gari, kwa baiskeli, kwa punda au kwa ngamia hadi kwenye shule na vijiji visivyo na maktaba.

Nawaandikia walimu wenzangu na wanafunzi wao kuhusu jambo moja. Maktaba tembezi tumezisifu kwa mwendo wake, na sifa hizo ni haki yake. Lakini kitabu hakijamfikia msomaji eti kwa kuwa kimeshushwa mbele ya mlango wake. Humfikia siku anapokifungua na kuuelewa ukurasa wa kwanza bila ya kuhitaji mkalimani. Hapo ndipo tulipolegea, na hapo ndipo ninapotaka tupatazame.

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Garissa. Mnamo Oktoba 1996, Shirika la Huduma za Maktaba nchini (KNLS), lililoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965, lilianzisha huko maktaba inayobebwa na ngamia. Sababu yake haikuwa mapambo. Gari hukwama mchangani wakati wa kiangazi na matopeni wakati wa mvua, na wafugaji wenyewe hawakai mahali pamoja, bali hufuata maji na malisho. Aliyeweza kuwafikia ni mnyama yule yule wanayemfuga. Huduma ilianza na ngamia watatu. Mmoja alibeba masanduku mawili ya vitabu, kila sanduku likiwa na vitabu vipatavyo 200. Wa pili alibeba hema. Wa tatu alibeba mizigo mingineyo ya safari. Msafara ulipofika penye shule, hema lilisimamishwa, mikeka ikatandikwa, watoto wakachagua. Kitabu kiliazimwa kwa majuma mawili, kisha msafara ukarudi kukichukua na kuacha kingine. Baadaye huduma hiyo ilifikishwa pia Wajir.

Habari hizo zilivuka bahari. Mwaka 2007 mwandishi Mmarekani Masha Hamilton alichapisha riwaya iitwayo The Camel Bookmobile, iliyojengwa juu ya wazo hilo hilo. Wapiga picha nao walifika, na picha zao ni za kupendeza: ngamia, hema, mtoto aliyeinamia kitabu. Siwalaumu hata kidogo. Ngamia mwenye vitabu mgongoni ni picha isiyohitaji maelezo. Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho picha hizo haziwezi kutuonyesha, nacho ni maneno yaliyomo ndani ya kitabu alichokiinamia yule mtoto. Mchukuzi tumemtazama sana, shehena hatujaikagua.

Tuikague basi. Kwa miongo mingi maktaba zetu za umma zimetegemea vitabu vya msaada kwa kiasi kisicho kidogo. Miongoni mwa mashirika yanayotuma vitabu hivyo ni Book Aid International la Uingereza, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1954. Aghalabu vitabu vyenyewe huwa vimetolewa na wachapishaji wa huko, na kwa hiyo ni vya Kiingereza. Tunashukuru, na shukrani hiyo si ya midomoni tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hana kosa kuleta alicho nacho. Kosa ni la mwenyeji ambaye, baada ya kupokea, hatii chake chunguni. Mtoto wa mfugaji akifungua sanduku na kukuta habari za theluji, za treni za chini ya ardhi na za sungura waliovaa makoti, tena kwa lugha ambayo nyumbani kwao haisemwi, tusishangae akivirudisha vitabu hivyo vikiwa safi kama alivyovichukua.

Kusoma ni nini? Wanaisimu tunapenda kulijibu swali hili kwa maneno mazito, lakini jambo lenyewe si gumu. Mtoto hujifunza kuunganisha herufi na sauti, kisha huunganisha sauti hizo na neno analolijua tayari. Hatua ya pili ndiyo inayomfanya acheke au ahuzunike. Asipolijua neno, hatua ya kwanza huishia hewani: atatamka vizuri, mwalimu atampongeza, na mtoto atakuwa hajasoma kitu. Walimu wa madarasa ya chini wanawafahamu watoto wa namna hiyo. Husoma ukurasa mzima kwa sauti ya kuvutia, lakini ukiwauliza habari yenyewe wanakukodolea macho.

Kiswahili kina bahati kubwa katika hatua hizo zote mbili. Irabu zake ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto aliyekwisha kuzishika silabi huweza kulisoma neno lolote, hata asilopata kuliona. Katika Kiingereza, irabu moja huweza kutamkwa kwa namna nne au tano, na zipo herufi zinazoandikwa bila ya kutamkwa kamwe. Kumwanzishia mtoto safari ya kusoma kwa lugha hiyo ya pili, hali hana hata maneno 100 ya lugha yenyewe, ni kumpandisha mlima kabla hajajua kutembea uwanjani.

Na Kisomali je? Kwa maana Garissa na Wajir Kisomali ndicho lugha ya mama kwa watoto walio wengi. Lugha hii ilipewa maandishi rasmi ya Kilatini nchini Somalia mwaka 1972, na tahajia yake imepangwa vizuri: irabu ndefu huandikwa kwa herufi mbili, na sauti zile za kooni zimepewa herufi zake. Jina tunaloliandika Ali, Msomali huliandika Cali. Hassan huwa Xasan. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine na asiyelijua hilo atadhani mtoto amekosea, kumbe mtoto ameandika sawasawa kwa kanuni za lugha yake. Tena lugha hizi mbili hazikutupana. Msomali husema maktabad, sisi twasema maktaba. Yeye husema sanduuq, sisi twasema sanduku. Yeye husema warqad, sisi twasema waraka. Huo ni urithi wa pamoja uliotoka katika Kiarabu, na mwalimu mwerevu aweza kuugeuza ngazi ya kumpandishia mtoto kutoka lugha moja hadi nyingine.

Kuna jambo jingine. Kiswahili husema ngamia, basi. Tukitaka zaidi twaongeza dume au jike. Kisomali kina geel kwa maana ya ngamia kwa jumla, kina awr kwa dume la kubebea mizigo, kina hal kwa jike, kina nirig kwa ndama, na hayo ni machache tu katika hazina ambayo mtoto wa mfugaji huingia nayo darasani. Kila siku ya msafara awr ndiye aliyebeba masanduku hadi shuleni. Mtoto alimwona, alimjua kwa jina, pengine aliweza hata kukisia umri wake kwa kumtazama meno. Lakini alipofungua kitabu cha kutoka ng'ambo hakumkuta awr ndani yake. Elimu yote aliyopewa na wazazi wake ilibaki nje ya hema.

Sidai kwamba Kisomali pekee kingetosha. Kandokando ya Mto Tana wapo Wapokomo na Wamunyoyaya, wapo Waborana, wapo watoto wa watumishi wa serikali na wa wafanyabiashara kutoka kila pembe ya nchi. Katika kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991, wamepita wakimbizi wa mataifa kadhaa. Watoto hawa wakikutana uwanjani, lugha iliyo tayari kuwapatanisha ni Kiswahili. Kwa hiyo sanduku ninalolitetea lina Kiswahili, lina lugha ya mama ya mahali, na lina Kiingereza pia. Ninachokipinga ni sanduku lenye kimoja tu.

Najua watakaonijibu. Wapo watakaosema kwamba wazazi wenyewe wanataka Kiingereza, kwa kuwa mitihani ya masomo mengi huandikwa kwa lugha hiyo na waajiri huiulizia. Hoja hiyo siipuuzi. Mzazi aliyeuza mbuzi ili amsomeshe mwanawe ana haki ya kutaka mwana huyo aajiriwe. Lakini kusoma ni ujuzi ambao mtu huupata mara moja tu maishani. Aliyejua kusoma kwa lugha moja hafundishwi upya kusoma anapoingia lugha nyingine. Hufundishwa lugha tu. Mtoto aliyezoea kumaliza hadithi 20 za Kiswahili au za Kisomali ataikabili ile ya kwanza ya Kiingereza akijua kwamba kitabu ni kitu kinachomalizika na kwamba ndani yake mna raha. Yule aliyeshindwa na vitabu vitatu vya kwanza huamini kwamba vitabu si vyake, na imani hiyo ni vigumu kuing'oa.

Wala jambo hili si geni kwa watunga sera wetu. Kamati ya Gachathi ilipendekeza tangu mwaka 1976 kwamba lugha ya eneo la shule itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ikaiagiza dola iziendeleze lugha za kiasili. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa 2019 uliirudia nafasi ya lugha hizo katika gredi za chini. Sera tunazo tele. Zinazokosa ni kurasa za kusomwa na mtoto mwenyewe mkononi mwake.

Wengine watauliza: vitabu vya kujaza nusu ya sanduku kwa lugha hizo vitatoka wapi? Swali hili lina jibu katika historia yetu wenyewe. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilichapa vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za eneo hili. Ofisi hiyo hiyo iliendesha huduma ya maktaba: iliazima vitabu kwa njia ya posta na kwa masanduku yaliyopelekwa mashambani. Mchapishaji na mchukuzi walikuwa nyumba moja. Aliyejua wasomaji wanauliza nini ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuagiza kiandikwe. Baadaye kazi hizo zilitengana. Maktaba zilikwenda kwa mashirika ya kitaifa katika miaka ya 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, uchapishaji ulibaki na warithi wake, na kwetu mrithi huyo ni Kenya Literature Bureau. Kila mmoja alishika njia yake, na tangu hapo mwenye ngamia amekuwa hana kauli juu ya kinachochapwa.

Wenzetu wameonyesha kwamba nyuzi hizo zaweza kuunganishwa tena. Nchini Kolombia, katika jimbo la Magdalena, mwalimu Luis Soriano alianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwapelekea watoto wa mashambani vitabu kwa punda wawili. Aliwaita Alfa na Beto, majina ambayo yakiunganishwa hutoa neno alfabeto la Kihispania. Watoto wale ni wasemaji wa Kihispania, na Kihispania ndicho alichowasomea; hapakuwa na ukuta wa lugha kati yao na kitabu. Hapa jirani, Yohannes Gebregeorgis wa Ethiopia alikuwa mkutubi katika maktaba ya San Francisco alipotambua kwamba watoto wa Kiethiopia karibu hawakuwa na vitabu katika lugha zao.  Mwaka 2002 alitoa kitabu cha watoto chenye picha za rangi kwa Kiamhari na Kiingereza, akafungua maktaba ya watoto jijini Addis Ababa, kisha akatia maktaba kwenye mkokoteni wa punda huko Awassa. Aliandika na akachukuza. Mfano mwingine ni mradi wa African Storybook ulioanzia Afrika Kusini, ambao umeweka hadithi fupi katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, kwa ruhusa ya wazi ya kuzitafsiri na kuzichapa. Shule yenye printa moja inaweza kuongeza kitu sandukuni.

Wapo pia watakaoniambia kwamba siku hizi kuna simu, na kwamba ngamia amepitwa na wakati. Simu ni chombo kizuri, lakini huhitaji umeme, mtandao na pesa za kununulia bando, na mwenye simu nyumbani ni baba. Zaidi ya hayo, simu haitatui tatizo ninalolizungumzia. Kama hakuna hadithi iliyoandikwa kwa lugha ya mtoto, kioo cha simu kitakuwa kitupu kwake kama ukurasa wa karatasi.

Kuna na hoja kwamba serikali tayari hupeleka vitabu shuleni moja kwa moja, kama ilivyoanza kufanya mwaka 2018. Ni kweli, na lilikuwa jambo jema. Lakini vile ni vitabu vya kiada. Mtoto hukifungua kwa kuwa ameamriwa, hukifunga kengele inapolia, na hukiogopa mtihani unapokaribia. Kitabu cha maktaba ni cha ziada, na ziada hiyo ndiyo inayomfanya mtu kuwa msomaji wa maisha. Hakuna aliyepata kukipenda chakula kwa kukariri mapishi.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuanze na kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba za mashinani mikononi mwa kaunti, ndani ya fungu moja na kamari, leseni za pombe, sinema na makavazi. Majirani hao ni wa ajabu. Kamari na pombe huingiza pesa, ilhali maktaba huzitumia. Ndiyo maana ni rahisi bajeti kupitishwa na neno maktaba lisitajwe hata mara moja. Wawakilishi wa wadi wataliuliza wakiulizwa na wapigakura, na wapigakura wanaowasikiliza walimu ni wengi kuliko tunavyodhani.

Pili, iwepo kanuni ya ununuzi iliyoandikwa. Napendekeza kwamba kwa kila vitabu 200 vinavyotiwa sandukuni, visipungue 100 vya Kiswahili na vya lugha ya mahali. Mchapishaji akijua kwamba kuna mnunuzi wa hakika kila mwaka, atamtafuta mwandishi. Bila ya mnunuzi, hata mwandishi hodari ataandika vitabu vya mitihani, kwa kuwa naye ana watoto wa kulisha. Na tuzungumze pia juu ya ushuru. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16. Taifa linalotoza ushuru juu ya hadithi ya mtoto, kisha likalalamika kwamba raia wake hawasomi, linajichongea lenyewe.

Tatu, ratiba iheshimiwe. Uwezo wa maktaba ya Garissa ulikuwa katika yale majuma mawili. Mtoto alijua kwamba msafara utarudi, kwa hiyo alisoma haraka, akakitunza kitabu, akabishana na mwenzake nani atakichukua baadaye. Maktaba inayokuja mara moja kwa mwaka pamoja na wageni wa heshima ni sherehe tu, na sherehe ikiisha watu hutawanyika.

La nne ni letu wenyewe, walimu na wanafunzi. Katika kila kijiji yupo bibi anayezijua hadithi 40 na hajawahi kuombwa hata moja. Mwanafunzi wa sekondari aweza kukaa naye jioni, akaisikiliza hadithi, akaiandika kwa lugha aliyosimuliwa, kisha akaitafsiri kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa. Mwalimu aisahihishe tahajia. Sisi wa vyuo vikuu, tunaowatuma wanafunzi wetu mazoezini kila mwaka, tuwape kazi hiyo badala ya kuwaagiza waturudishie orodha za makosa ya sarufi. Nakala 10 zilizoshonwa kwa uzi zikitiwa sandukuni, mtoto wa shule ya jirani atamsoma bibi anayemjua. Na safari itakayofuata, pengine yeye naye atakuwa na ya kwake ya kumpa mkutubi.

Atakapofika tena msafara wa vitabu mahali popote nchini, uwe wa ngamia, wa punda au wa gari, namwomba mwalimu afanye jambo moja kabla ya kupiga picha. Afungue sanduku, avihesabu vitabu kwa lugha zake, aandike hesabu hiyo kwenye karatasi, na amkabidhi msimamizi wa msafara pamoja na majina ya vitabu ambavyo watoto waliviulizia wakavikosa.